Ukurasa wa Sorry

Kaka yangu mkubwa ni mtu mwenye adabu sana. Akikukanyaga, husema sori. Akitaka kupita, husema samahani. Akikukuta unaumwa, husema pole, tena huisindikiza na uso wa huzuni. Lakini siku akikukosea yeye mwenyewe, Kiswahili chote humkauka mdomoni, na hicho Kiingereza ambacho baba aliuza shamba ili akisomee hugundua ghafla kwamba kina safari.

Nayasema haya nikiwa ndugu yake wa tumbo moja, na nikila mkate wa meza moja naye. Tuko watatu: yeye, mimi, na mdogo wetu wa mwisho, ambaye mama alimwita Kitinda mpaka jina lake la shule likasahaulika. Baba alituachia kiwanda kidogo cha uchapaji. Chumba cha mbele kina meza ya Kaka, cha kati kina meza yangu ya kusahihishia, na ukumbi wa nyuma una mtambo mmoja mkubwa unaotikisa vikombe mpaka kwa jirani. Kaka ndiye Mkurugenzi. Hilo halina ubishi, kwa sababu alijichapia kadi zinazosema hivyo, akabandika kibao mlangoni, na kalenda yetu ya mwaka ina picha yake mahali ambapo kalenda za watu wengine zina maua. Kitinda ni fundi wa mtambo. Mimi nasoma kila kitu kabla hakijachapwa, ndiyo maana wafanyakazi wananiita Bi Nukta na kudhani sijui.

Baba alituachia na sharti. Zamani aliwahi kuchapa kadi za harusi zenye jina la bwana harusi na, pembeni yake, jina la mchumba wake wa zamani. Harusi ilifungwa hivyo hivyo, lakini baba alirushiwa kiatu. Tangu siku hiyo ikawa sheria kwamba ukurasa haupandi mtamboni bila saini mbili, ya mtu wa mbele na ya mtu wa nyuma. Mimi nikishasoma, Kaka anasaini kwamba mteja ameridhika, kisha Kitinda anasaini kwamba yeye naye ameusoma na yuko tayari kuuchapa. Baba alifariki, sheria ikabaki. Hata Kaka, ambaye amebadilisha kila kitu mpaka rangi ya choo, hajathubutu kuigusa.

Basi akaja Mwalimu. Alikuwa mwalimu mstaafu wa Kiingereza, suruali yake imepigwa pasi mpaka ule mstari ungeweza kukata mkate, na kwapani alikuwa na kazi ya maisha yake: kitabu cha maneno ya kawaida ya Kiingereza, kila neno na maana zake zote, visawe vyake vyote, na Kiswahili cha kila kimoja. Shule zilikuwa zimeshakiagiza. Kaka alifurahi akamletea kiti chenye mto.

Tatizo la Mwalimu ni kwamba hakuweza kuachana na neno. Kila asubuhi alikuja na maana mpya aliyoiota. Neno get peke yake lilikula karatasi kama kampeni za uchaguzi. Neno nice alilifuta kwa hasira akisema ni neno la watu wavivu, kesho yake akalirudisha kwa huruma. Nilisahihisha, nikasahihisha tena, nikafika mahali namwota mtu ananiuliza tofauti ya big na large, nami nalia.

Hata hivyo kazi ilisonga. Kurasa zikasainiwa, mtambo ukanguruma, tukafika herufi ya S. Ndipo Kitinda akaja mezani kwangu, mikono imejaa wino, ameshika ukurasa mmoja kwa ncha za vidole.

"Dada, huu siusaini."

Nikautazama. Ulikuwa ukurasa wa sorry. Mwalimu alikuwa ameupanga vizuri kabisa: sorry ya kumhurumia mgonjwa, ambayo ni pole, sorry ya kupita katikati ya watu, ambayo ni samahani, sorry ya mtu ambaye hakusikia, ambayo ni unasemaje, sorry ya ofisini ya kukunyima kazi, ambayo ni tunasikitika, sorry ya kitu duni cha kutia aibu, na sorry ya mwenye kosa, ambayo ni nisamehe, nimekukosea, naomba radhi.

"Una kosa gani?" nikauliza.

"Sijaona kosa. Ila saini yangu inasema kitu nimekihakiki. Hizi zingine zote nimezisikia humu ndani. Hii ya mwisho sijawahi. Mwambie aliyesaini hapo juu aitumie mara moja tu, niisikie. Nikiisikia, nasaini."

Aliyesaini hapo juu alikuwa amekaa chumba cha mbele, mlango wazi, anajifanya anasoma bei za karatasi.

"Mwambie," Kaka akasema bila kuinua kichwa, "kazi ya fundi ni mtambo. Lugha ina wenyewe."

"Mwambie nimesikia," Kitinda akasema.

"Mwambie kama amesikia basi asaini."

"Mimi si simu ya mezani," nikawaambia wote wawili. Lakini nilijua nilikuwa simu ya mezani. Nilikuwa simu hiyo kwa mwaka mzima.

Mwaka mzima, kwa sababu mama alifariki mwaka jana, na Kitinda hakumzika. Alikuwa mji mwingine akifunga mtambo wa mteja, safari ya nusu siku kwa basi. Mimi nilikuwa kwa mume wangu, nimejifungua wiki ile. Kaka ndiye aliyekuwa na mama. Mama alizidiwa asubuhi, akashinda hivyo, akakata roho alfajiri ya siku ya pili. Kaka alinipigia mimi alfajiri hiyo. Kwa Kitinda akapiga baadaye, watu wameshajaa uani, na mchimba kaburi ameshalipwa. Kitinda alifika jioni na mfuko wake wa spana begani, akakuta udongo mbichi.

Na Kaka alifanya nini? Alimpokea getini, akamshika bega, akamwambia, "Pole sana, mdogo wangu."

Pole! Pole unaipata kwa jirani. Pole unaipata kwa muuza maji. Hata mtu asiyekujua, akikuona umejikwaa barabarani, atakupa pole yako bure na kwenda zake. Kaka aliichukua ile ya wapita njia, akampa mtu aliyemnyima mama yake.

Kitinda alirudi kazini, akashika mtambo, akaacha kuongea na kaka yake. Na siku ile aliyoukataa ukurasa, aliniambia pembeni jambo ambalo Kaka hakulijua: amepata kazi kwingine, na kitabu hiki ndicho cha mwisho kukichapa hapa. "Kikiisha naondoka, dada. Akisema au asiposema. Lakini akisema, nitakuwa narudi kuwasalimia."

Nilielewa maana yake. Asiposema, harudi. Ningebaki na ndugu wawili ambao siku ya kunizika watasimama pande mbili za kaburi, kila mmoja akimtuma mtu amwambie mwenzake asogee. Niliogopa, na nikiogopa huwa nakuwa mkali.

"Mwombe msamaha," nikamwambia Kaka.

"Kwa lipi?" akasema Mkurugenzi.

Wa kwanza kufurahia mgogoro huu alikuwa Mwalimu. Alipoambiwa kwamba fundi ameukataa ukurasa kwa sababu ya maana ya mwisho, machozi yalimlenga. "Maisha yangu yote," akasema, "nimetafuta mchapaji anayesoma!" Akavuta kiti mpaka ukumbi wa nyuma, akakaa karibu na mtambo, akamwuliza Kitinda kwa unyenyekevu kama fasili ile ilikuwa finyu.

"Fasili iko sawa, Mwalimu. Nasubiri mfano."

"Mfano wa matumizi!" Mwalimu akaja mbio kwa Kaka. "Ndugu Mkurugenzi, anadai mfano wa matumizi. Ana haki kabisa."

Kwa hiyo Kaka, ambaye hakutaka Mwalimu ajue mambo ya nyumbani, akawa hana budi kutoa mifano.

Mfano wa kwanza aliutoa kesho yake asubuhi. Alipita mlangoni kwa Kitinda, simu sikioni, akageuza shingo kidogo, akasema, "Eeh, halafu, sori bwana, kwa yale," kisha akaendelea kuongea na simu. Nilichungulia simu ile baadaye. Ilikuwa imezimwa.

"Hiyo ni ya kukanyagana viatu," Kitinda akaniambia. "Mwambie viatu vyangu ni vizima."

Mfano wa pili ulikuja kwenye ubao wa matangazo, umechapwa kwa herufi nene, na muhuri juu: Uongozi unasikitika kwa usumbufu wowote uliojitokeza katika kipindi kilichopita. Wafanyakazi walikusanyika kuusoma. Mmoja akauliza kama mishahara inachelewa. Mwingine akaanza kutafuta kazi siku ile ile. Kitinda alichomoa kalamu yangu nyekundu sikioni, akazungushia duara neno "uliojitokeza", na pembeni akaandika: Ulijitokeza wenyewe? Ulikuja na basi gani?

Kaka akang'oa tangazo. Shingo yake ilikuwa imeanza kuvimba.

"Huyu mtoto ananivunjia heshima mbele ya watu," akaniambia.

"Mtoto ana mvi, Kaka."

"Basi nifanye nini? Nimesema sori. Nimesikitika kwa maandishi. Nimegonga na muhuri!"

Ule muhuri ndio aliouona wa maana kuliko vyote.

Mwalimu naye hakulala. Alimletea Kaka karatasi iliyojaa visawe, vikubwa kwa vidogo, akamshauri achague kinachomfaa kama mtu anayechagua shati. Kaka akachagua. Chakula cha mchana tulikula pamoja ukumbini, Kaka akasimama na glasi ya maji mkononi, akakohoa. "Iwapo," akasema, "kuna mahali popote ambapo mtu yeyote alijisikia kukwazika na jambo lolote, basi ningependa ieleweke kwamba haikuwa nia ya mtu."

Akakaa. Mwalimu alipiga makofi, akanong'ona kwamba sentensi ile ilikuwa safi ila haina mtenda.

"Dada," Kitinda akasema huku akitafuna, "mwambie popote ni mama alikolazwa. Yeyote ni mimi. Lolote analijua."

Mezani vijiko vikasita. Mimi nilitazama sahani yangu. Kaka alitafuta ndani ya kichwa chake kitu cha kujifunika nacho, akakipata, kwa sababu methali hazijawahi kumtupa mtu mwenye makosa.

"Yaliyopita si ndwele," akasema. "Tugange yajayo. Isitoshe, kutenda kosa si kosa. Kosa ni kurudia kosa."

"Hilo mwambie asiwe na wasiwasi," Kitinda akasema. "Hawezi kulirudia. Mama nilikuwa naye mmoja tu."

Alisukuma sahani, akaenda mtamboni. Mwalimu alinitazama, akamtazama Kaka, na taratibu, kama mtu anayeshuka ngazi gizani, akaelewa kwamba tangu mwanzo hapakuwa na swali la fasili. Alikunja karatasi yake ya visawe mara nne, akaitia mfukoni. Namsifu kwa hilo. Hakuongeza neno.

Ungedhani mtu akifika hapo atajisalimisha. Humjui Kaka. Alasiri ile ile alichapisha kadi mpya, za karatasi ngumu inayong'aa, zenye jina la Kitinda na cheo kipya chini yake: Mkuu wa Mitambo. Mtambo ni mmoja. Alizituma ndani ya boksi lenye utepe. Kitinda alizipokea kwa mikono miwili, akashukuru, kisha akachukua chache akazisokomeza chini ya mguu wa mtambo uliokuwa unachezacheza. Tangu hapo mtambo umetulia kabisa, na kwa kweli ni cheo cha kwanza katika kiwanda hiki kilichowahi kufanya kazi.

Kesho yake Kaka aliniita chumba cha mbele, akafunga mlango.

"Uondoe ule ukurasa."

"Ukurasa upi?"

"Wa sorry. Panga upya, unganisha wa kabla na wa baada. Kwani watoto watakufa wakikosa neno moja? Wengine hata hawalitumii."

"Kitabu cha Kiingereza kisicho na sorry?"

"Watalisikia kwenye redio."

Nilicheka kwanza, nakiri, kwa sababu lilikuwa jambo la kuchekesha: mtu mzima mwenye tai anafuta neno kutoka kwenye lugha ya watu wengine ili lisimfikie. Halafu kicheko kikanikwama, na hasira niliyokuwa nimeibana mwaka mzima ikapanda.

"Sikiliza, Kaka," nikasema. "Mimi nimekuwa nikibeba maneno yenu kutoka chumba hiki kwenda kile kama mchukuzi wa sokoni, na migongo ya wachukuzi huwa inaisha. Mwenzako anaondoka. Ndiyo, usinitolee macho. Ana kazi kwingine, kitabu kikiisha anaondoka, na harudi. Wewe utabaki hapa na muhuri wako. Umempa pole, umempa sori, umempa iwapo, umempa methali mbili na boksi la kadi. Umemzunguka kama mtu anayezunguka dimbwi asilowe viatu. Neno lenyewe unalijua. Ulikuwa unalisema ulipokuwa mdogo, mama akikushika sikio. Lilienda wapi? Lilikufa pamoja naye?"

Aliutazama ule mlango alioufunga mwenyewe.

"Nilimpenda mama kama nyinyi," akasema hatimaye, kwa sauti ambayo sikuizoea, ndogo, haina ukurugenzi ndani yake.

"Hakuna aliyekuuliza hilo," nikasema. Nilikuwa bado na hasira, na nilikosea, kwa sababu hilo ndilo lilikuwa swali lenyewe. Lakini sikujua bado.

Akatoka. Nikamsikia akipita chumba changu, nikadhani anaenda kunywa maji. Nilipotoka nikaona mlango wa ukumbi wa nyuma uko wazi. Nikauchukua ukurasa mezani, nikamfuata, nikasimama kizingitini.

Mtambo ulikuwa umezimwa. Bila ule mngurumo, ukumbi ulionekana mkubwa kuliko kawaida. Kitinda alikuwa anafuta spana moja moja kwa kitambaa, akizipanga kwenye mfuko wake. Zile zake tu, si za kiwanda. Kaka alisimama katikati ya marobota ya karatasi na viatu vyake vinavyong'aa, hajui mikono aiweke wapi. Kwanza aliitia mfukoni. Kisha akaitoa.

"Mdogo wangu," akasema. "Nimekuja."

"Naona."

Nilishika fremu ya mlango. Lilikuwa neno la kwanza Kitinda kumwambia yeye mwenyewe, bila kupitia kwangu.

"Nilikukosea," Kaka akasema. Alisimama kidogo, kama anayengoja neno hilo limuue, na lilipokosa kumuua akaendelea, haraka haraka. "Daktari aliniambia tangu asubuhi kwamba mama hamalizi siku mbili. Simu ilikuwa mfukoni, ina chaji, ina salio. Hakuna aliyenizuia. Basi lilikuwepo, ungefika jioni, ungemkuta anaongea. Sikukupigia. Si kwamba nilisahau. Sikutaka. Nisamehe."

Kitinda aliweka spana chini. Akaja mlangoni, akaupokea ukurasa mkononi mwangu, akausoma kuanzia juu mpaka chini, pole pole, anavyosoma kila ukurasa. Akachukua kalamu, akasaini.

"Hauna kosa," akaniambia.

Kaka akashusha pumzi ndefu, na uso wake ukaanza kurudi kuwa ule wa kwenye kalenda. Akanyoosha mkono.

"Sijakusamehe," Kitinda akamwambia.

Mkono ukabaki hewani.

"Nimesaini kwamba neno lipo. Wewe umemaliza kazi yako. Kusamehe ni kazi yangu, na sijui itanichukua muda gani, na usije kunihimiza na methali." Aligeuka, akavuta kile kigoda anachokalia akisubiri wino ukauke, akakiweka mbele ya kaka yake. "Kaa hapo. Siku ile ulikaa nayo peke yako, na ilikuwa yangu pia. Nianzie asubuhi. Usiruke kitu."

Kigoda kina wino wa miaka mingi. Kaka alikikalia na suti yake, hakukifuta, hakukitazama. Kitinda alikaa juu ya robota la karatasi. Mimi nilitaka kuondoka nikashindwa, nikajikunyata pale pale kizingitini kama mtoto anayesikiliza wakubwa. Kwa mara ya kwanza hakuna aliyenituma.

Kaka aliyatazama magoti yake.

"Macho yalikuwa hayaoni tena," akaanza. "Aliamka mapema, nikiwa nimekaa pale pale karibu na kichwa chake. Akaita, 'Kitinda.' Nikanyamaza. Akaita tena, 'Kitinda, upo?' Nikaitika."

Kitinda aliinama mbele, viwiko magotini.

"Akacheka. Akaushika mkono wangu, akaanza kunieleza mambo. Mimi hajawahi kunishika hivyo, unajua mwenyewe, mimi nilikuwa mtu wa kutumwa dawa. Basi kutwa nzima nikawa wewe. Ningekupigia simu, ungekuja, nami ningerudi kuwa mimi."